Sala Iliyosikika Hadi Juu

Zipporah alikuwa akimwomba Mungu wake kwenye chumba cha kufulia nguo, mashine ikizunguka. Hapo ndipo palipokuwa kanisa lake, katika nyumba ya watu wenye heshima zao mtaa wa Al-Safa, mjini Jedda, baina ya ndoo ya sabuni na kapu la soksi. Hakuna aliyemkataza kuomba. Ila wiki ya kwanza alipoajiriwa, madam Hanadi alimkuta amepiga magoti jikoni akizungumza peke yake, akamtazama kama mtu anayemtazama paka aliyepanda mezani, na Zipporah si mjinga. Tangu siku hiyo alifunga mlango, akawasha mashine, akangoja ianze kunguruma, ndipo akamnong'oneza Mungu yote aliyokuwa nayo. Nguo za nyumba ile zilikuwa safi kupita kiasi, maana mara nyingine alizifua tena kwa sababu maombi yalikuwa hayajaisha.

Na maombi yake yalikuwa marefu kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mama yake, Mama Serah wa Chavakali, hakupenda sala za juu juu. "Usimzungushe Mungu," alikuwa akiwaambia wanawe. "Taja jina, taja mahali, taja siku. Ukisema nibariki tu, atakubariki na mvua, kumbe wewe ulitaka ng'ombe." Basi Zipporah alitaja. Alimtaja kila mtu na shida yake, hata mbuzi wa jirani aliyevunjika mguu. Mimi sijui kama Mungu anahitaji maelezo yote hayo, lakini nani atabishana na mama wa mtu?

Alikuwa ameanzia Riyadh. Huko ndiko alikopokewa na familia hii, binti yao Lamis akiwa bado mchanga wa kubebwa, na huko ndiko aliko kaka yake Dalmas, mlinzi wa jengo la ofisi mtaa wa Al-Murabba. Siku za sikukuu Dalmas aliruhusiwa kuja hadi getini kumsalimia dada yake. Walisimama pale wakizungumza upesi upesi, yeye ndani ya geti na kaka nje, kama watu waliokuja kutembelea mahabusu, ingawa haikujulikana ni nani kati yao aliyefungwa. Kisha baba wa nyumba akapata kazi Jedda, wakahama wote, na Dalmas akabaki kuwa sauti ya simu.

Aliyemponya Zipporah na upweke alikuwa ni Lamis. Mtoto yule alikijua Kiswahili kabla Kiarabu chake hakijanyooka, kwa sababu mwenye kumwogesha, kumlisha na kumlaza alikuwa mmoja, na mwenyewe hakuwa na lugha nyingine ya kubembelezea mtoto. "Zipo, kuja! Uji yangu imepoa!" alikuwa akipaza sauti toka sebuleni, Kiswahili cha Chavakali kitupu, na madam Hanadi akicheka mbele ya wageni wake kama mtu anayeonyesha kasuku. Zipporah alimpenda Lamis. Na tuseme wazi mapema, asije mtu akadhani baadaye kwamba hakumpenda.

Lakini mkataba ulikuwa umekwisha siku nyingi. Kila alipouliza habari ya kwenda kwao, madam alikuwa na jibu tamu. Baada ya Ramadhani, Zipporah. Baada ya Hija. Lamis aanze shule kwanza. Pasipoti ilikuwa kwenye sefu ya baba, na bila yeye, kafili wake aliyemdhamini kisheria, hapakuwa na kibali cha kutoka nchini. Hawakumpiga, hawakumnyima chakula. Walimzoea tu, na mtu aliyezoewa ni vigumu kumwachilia.

Kisha macho ya Mama Serah yakaanza kufa. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Emmah, mdogo wake Zipporah aliyebaki na mama nyumbani, alieleza kwenye simu kwamba mama sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Halafu mama mwenyewe akachukua simu.

"Sauti yako ninayo, mama," alisema. Alimwita binti yake mama kwa kuwa Zipporah alikuwa amerithi jina la nyanya yake. "Sauti nitabaki nayo hata giza likifunga. Ni uso unanitoroka. Nakukumbuka ulivyokuwa ukienda shule, lakini ulivyo sasa sikumbuki. Kuja nikuone mara moja tu, halafu macho yaende yakitaka."

Zipporah alifua mashuka mara tatu siku ile.

Ndipo madam akatangaza kwamba familia itakwenda Uturuki kupumzika, na Zipporah atakwenda nao, maana Lamis hali chakula bila yeye. Alipompa Dalmas habari hiyo, kaka yake alianza kuongea kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Sista, sikiza vizuri. Hapa Saudi huwezi toka bila kafili. Lakini Uturuki si Saudi. Siku ya kurudi, pale immigration kila mtu lazima ashike pasipoti yake mwenyewe, yule askari anataka kuona uso. Ukishagongewa muhuri uko ndani, na huko ndani ndege ni nyingi. Mimi nakukatia ya Nairobi, tiketi nakutumia kwa simu. Uwaambie unaenda choo. Halafu usigeuke nyuma."

"Na Lamis?"

"Lamis ako na mamake," Dalmas alisema. "Na wewe uko na wako."

 Kutoka siku hiyo sala yake ikawa moja, na aliitaja yote kama alivyofunzwa: uwanja wa ndege, kijidirisha, pasipoti, choo, lango la Nairobi. Aliisema huku mashine ikinguruma hata akaijua kwa moyo, na ulimi ukaizoea.

Uturuki palikuwa na baridi ya kupendeza na vyakula vingi, na Zipporah alivionja vyote akiwa amesimama. Siku ya mwisho kabla ya kurudi walipelekwa, pamoja na familia nyingine za Kiarabu, kutazama ukumbi wa kale wa Wagiriki kwenye ubavu wa kilima. Aliyewaongoza alikuwa Mturuki mmoja mchangamfu aliyesema Kiarabu cha kwenye televisheni. Ndani ya basi aliwaeleza kwamba ukumbi ule ulilala chini ya udongo karne nyingi, wakulima wakipanda mizeituni juu yake bila habari, mpaka wanaakiolojia walipokuja wakaufukua. Jina ambalo Wagiriki waliziita kumbi kama hizo, alisema, maana yake ni mahali pa kutazamia.

Waliposhuka, Zipporah aliona kwamba wachimbaji bado wapo. Vijana wa kike na wa kiume walikuwa wamepiga magoti pembeni, wakifagia udongo kwenye jiwe kwa brashi ndogo, taratibu, kama wanaogopa kuliamsha. Mmoja alipuliza vumbi kwa mdomo. Zipporah alisimama akawatazama, na wivu ukamshika, wivu wa kweli, mpaka akajionea haya. Watu hawa wametoka mbali kuja kulitoa jiwe moja gizani, na wana subira nalo hivyo. Yeye mtu mzima, mwenye mama, hana wa kumpulizia vumbi.

"Yalla, Zipporah!" madam alimwita. "Kofia ya Lamis iko kwenye basi. Jua litamuumiza."

Akarudi kwenye basi. Dereva alikuwa amelifunga akaenda kuvuta sigara, ikabidi amtafute, na alipoipata ile kofia wenzake wote walikuwa wamekwisha kupanda ngazi za mawe hadi juu kabisa. Alitokea chini, penye uwanja wa mviringo ambapo zamani waigizaji walisimama. Mbele yake safu za viti vya mawe zilipanda moja juu ya nyingine mpaka kule juu, na huko juu watu wake walikuwa wadogo, madam doa jeusi na Lamis doa la waridi. Alikuwa peke yake katikati ya mahali pakubwa, na hapakuwa na ukuta wala mlango.

Jambo ambalo hakulijua, kwa kuwa alikuwa akihangaika na kofia, ni kwamba Mturuki yule alikuwa amewaeleza wenzake ajabu ya ukumbi ule. Wagiriki waliujenga kwa akili hivi kwamba mtu akinong'ona pale katikati, wa kiti cha mwisho juu anasikia. Alikuwa amewaomba wanyamaze, akitaka kushuka akawaonyeshe kwa kuchana karatasi. Walikuwa wamenyamaza wote, wametega masikio, walipomwona mfanyakazi wa nyumba amesimama hapo hapo pa kunong'onea. Mturuki akatabasamu, akaweka kidole mdomoni. Siku ya kufa nyani, wahenga walisema, miti yote huteleza.

Zipporah alitazama juu mawinguni. Miaka yote hii hakuwahi kusimama mahali ambapo hapana dari na hapana mtu karibu.  Angeweza kupaza sauti kama wanavyoomba kwao, lakini ulimi ulishazoea, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya chumba cha kufulia, ya chini, ya haraka, yenye kutaja kila kitu.

"Ee Mungu wangu, kesho ndiyo siku. Baba akinipatia pasipoti pale uwanja wa ndege, usiache mkono wangu utetemeke. Nikisema naenda choo, wafumbe macho wasinifuate. Nifikishe kwa lango la Nairobi. Tiketi ya Dalmas isikatae. Na huyu mtoto Lamis, akilia, umnyamazishe wewe, kwa sababu mimi sitakuwepo. Mwambie nilimpenda. Nifikishe kwa mama akiwa bado anaona. Amina."

Makofi yakamshukia kutoka juu. Alishtuka, akageuka huku na huku kutafuta anayepigiwa, kisha akaelewa kwamba ni yeye. Familia za watu zilikuwa zinapiga makofi na kucheka kwa furaha. Mama mmoja alipiga hata kigelegele. Hawakujua alichosema. Waliona tu kwamba sauti imefika, nzuri, ya lugha ya mbali. Zipporah naye akacheka kwa haya, akawapungia kofia, na akaanza kupanda ngazi akiwa mwepesi kama msichana. Alisema baadaye kwamba ile ndiyo dakika aliyokuwa na furaha kuliko zote tangu atoke kwao, na mimi ningependa kuikata hadithi papo hapo.

Lamis hakupiga makofi. Zipporah alipofika juu alimkuta ameng'ang'ania abaya ya mama yake, uso umelowa machozi.

"Zipo, usiende," alisema kwa Kiswahili. "Usipande ndege yako. Nimemwambia mama akukataze."

Zipporah alimtazama madam. Madam Hanadi alikuwa ameondoa miwani ya jua. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Zipporah zaidi. Alionekana kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake.

"Choo, Zipporah?" alisema polepole. "Utamwacha mtoto wangu katikati ya uwanja wa ndege, unamdanganya unakwenda choo? Nimekuleta huku utembee, ule tunachokula sisi. Mimi nimekukosea nini?"

"Madam, mama yangu anapofuka."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia, madam."

Kweli alikuwa amemwambia, zaidi ya mara moja, akipiga pasi na madam akitazama simu.  Madam akanyoosha mkono, na Zipporah, bila kuambiwa ni nini kinachotakiwa, akamkabidhi simu yenye tiketi.

Kesho yake baba hakumpa mtu pasipoti. Alizishika zote yeye, na ilipofika zamu alisimama na Zipporah kwenye kijidirisha kimoja, bega kwa bega, akaisukuma ya Zipporah ndani kwa mkono wake mwenyewe. Askari alimtazama Zipporah usoni. Aliutazama vizuri, kama inavyotakiwa, ule uso uliokuwa ukingojwa Chavakali, kisha akagonga muhuri na baba akaichukua pasipoti. Ubao wa safari uliandika Nairobi, na lango lake lilikuwa la karibu; walilipita. Lamis alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake miwili na hakumwachia hadi kitini.

Utaniuliza mbona hakupiga kelele. Wengi wameuliza, wakiwa wamekaa vizuri kwenye makochi yao. Zipporah alikuwa na pasipoti mkononi mwa mtu mwingine, lugha asiyoijua mbele yake, na mtoto aliyemlea akimlilia kando. Tena alikuwa amekwisha kusema. Siku moja tu maishani alisema mambo yake pasipo ukuta, akasikika hadi juu kabisa, na ndivyo yalivyokwenda.

Jedda maisha yalirudi mahali pake. Ikama, kibali chake cha kuishi huko, ikafanywa upya bila yeye kuulizwa. Dalmas alimpigia kutoka Riyadh mara ya kwanza aliporudishiwa simu.

"Nilikaa kwa simu mpaka ile ndege ikatua Nairobi," alisema. "Emmah alikuwa airport, alikuwa amekuja na sweta yako. Sista, ni nini ilifanyika?"

"Niliomba," Zipporah alimjibu.

Dalmas hakuelewa. Kaka alisema pole, watajaribu tena, Mungu yupo. Walijua wote wawili kwamba madam hatamchukua tena kokote kuvuka mpaka.

Zipporah aliacha kuomba. Hakuapa wala hakumkasirikia Mungu. Aliona tu kwamba hana tena cha kutaja. Aliacha pia kusema Kiswahili na Lamis. Alimjibu kwa kile Kiarabu chake cha jikoni, taal, kul, halas, yaani njoo, kula, basi, na mtoto alizunguka nyuma yake siku nyingi akimvuta aproni, "Zipo, ongea na mimi. Zipo, umekasirika?" Ilimuuma, na hakuweza kujizuia. Mtoto hakuwa na kosa, na kila alipomtazama aliona lile doa la waridi kule juu ya mawe.

Madam Hanadi hakuwa mtu wa jiwe. Siku moja baada ya chakula cha mchana alikuja jikoni na boksi, akaliweka mezani karibu na vitunguu. Ilikuwa simu mpya, ya bei, yenye kamera kubwa kuliko ya madam mwenyewe.

"Sasa utamwona mama yako kila siku, na yeye atakuona," alisema, macho yakimng'aa kwa wema wake. "Safari ya nini tena? Halas."

"Shukran, madam," Zipporah alisema.

Alikwenda nayo kwenye chumba cha kufulia. Kulikuwa na taulo za watoto wa dada yake madam waliokuja kutembea, akazipakia, akawasha mashine kwa mazoea, akaketi juu ya ndoo. Emmah alipokea video. Nyuma yake jua la Chavakali lilikuwa likiwaka uani, na mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa kanzu ya kanisani, amepakwa mafuta usoni. Alikuwa amekonda. Emmah alimshikisha simu na kuielekeza mbele ya macho yake.

"Mama!" Zipporah alisema. "Mama, ni mimi. Unaniona?"

"Ee, nakuona!" Mama Serah alipaza sauti. "Nakuona vizuri, mwanangu. Tazama ulivyonawiri! Hiyo kazi haijakumaliza. Na kitambaa hicho cha kichwani kimekukaa vizuri sana."

Zipporah alijishika kichwani. Hakuwa na kitambaa. Akatazama ile picha ndogo kwenye pembe ya simu, ambapo mtu hujiona mwenyewe, na uso wake haukuwepo. Katika kuhangaika na simu ngeni alikuwa amefungua kamera ya upande wa pili. Kilichokuwa kinakwenda Chavakali ni mlango wa kioo wa mashine, na taulo za watu zikigeuka ndani ya povu.

Kule uani Emmah alikuwa ameona. Aligeuza uso wake upande, akajifuta kwa mkono.

Zipporah aliweka kidole kwenye alama ya kugeuza kamera. Kisha akakiondoa.

"Unaniona vizuri kabisa, mama?"

"Kabisa. Umekuwa mtu mzima. Unafanana na nyanya yako kwa mdomo. Sasa niache nikutazame, usiongee."

Basi hakuongea. Alishika simu wima kwa mikono miwili ili isitingishike. Mashine ilimaliza mzunguko wake, taulo zikatulia nyuma ya kioo, na mama bado alikuwa akitabasamu na kumsifu.